Sufu, Usufi na Porojo za Mafundi wa Spika

Ukitaka kuunda boksi la spika kwa mikono yako, habari za mbao utazipata kwa seremala mmoja zikakutosha. Habari za kile kinachowekwa ndani ya boksi ni shughuli nyingine, maana hapo kila mtu ni bingwa. Muuza spea wa Kariakoo atakwambia jaza, wa duka la pili atakwambia usithubutu, na kijana aliyekesha akitazama video atakuapia kwamba bila sufu ya kondoo kutoka Uingereza umepoteza mbao zako bure. Ukienda Luthuli Avenue jijini Nairobi utayakuta maneno yale yale kwa lafudhi nyingine. Mengine yana chembe ya ukweli, mengine yalikuwa kweli huko yalikozaliwa, na mengine hayajapata kuwa kweli popote. Nitayapitia yanayorudiwa zaidi, na sitayapa nafasi sawa kwa sababu hayana uzito sawa.

"Sufu ya kondoo ndiyo yenyewe, vingine vyote ni kubabaisha"

Dai hili lina ukoo, tena ukoo wa heshima. Oktoba 1965 jarida la Uingereza la Wireless World lilichapisha makala ya A. R. Bailey, mhandisi wa Bradford. Alieleza boksi ambalo nyuma ya spika kuna njia ndefu iliyokunjwa na kujazwa sufu ya nyuzi ndefu, ili sauti ya mgongo wa koni iingie humo na isirudi. Watu wakaisoma, wakajenga, wakasifia. Mwaka 1972 Bailey alirudi na makala ya pili juu ya jambo hilo hilo, na kuanzia hapo sufu ikawa na jina ambalo halijashuka.

Sasa angalia mji wenyewe. Bradford ndio uliokuwa moyo wa viwanda vya sufu vya Uingereza tangu karne ya 19. Mtu wa Bradford aliyehitaji nyuzi laini za kujaza boksi hakuwa na haja ya kupanda treni. Sisemi Bailey aliichagua sufu kwa sababu ya ujirani tu; aliijaribu na ikamfaa. Ninachosema ni kwamba lau angekuwa fundi wa Pangani, huenda leo Waingereza ndio wangekuwa wanaagiza usufi kutoka kwetu.

Tena sufu haikuwa ya kwanza. Miaka 11 kabla ya makala ile, mwaka 1954, Edgar Villchur na Henry Kloss wa Cambridge, Massachusetts, walikuwa wametambulisha spika yao ya AR-1. Ilikuwa boksi dogo lililozibwa kabisa, na besi yake iliwashangaza waliozoea makabati makubwa. Ndani yake kulikuwa na nyuzi za kioo. Kondoo hakuhusika hata kidogo.

Aliyekaa chini kulipigia hesabu jambo hili ni L. J. S. Bradbury, katika makala ya mwaka 1976 kwenye jarida la Chama cha Wahandisi wa Sauti cha Marekani. Alishughulika na nyuzi za kioo na sufu ndefu pia. Katika hesabu zake kinachoingia ni unene wa uzi mmoja mmoja, uzito wa nyuzi zilizomo ndani ya nafasi fulani, na jinsi hewa inavyozikokota nyuzi zenyewe. Hakuna mahali pa kuandika jina la mnyama.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Koni inapokwenda mbele na nyuma, mgongo wake nao unatoa sauti kuingia ndani ya boksi. Sauti hiyo isipopewa shughuli hugonga ubao wa nyuma, hurudi, hupenya koni ambayo ni karatasi nyembamba tu, na kutokea mbele ikiwa imechelewa. Ndiyo inayomfanya mwimbaji asikike kama aliyetumbukia kwenye pipa. Hewa inapolazimika kupita katikati ya maelfu ya nyuzi, inasuguana nazo, na nguvu ya sauti inageuka kuwa joto dogo sana usiloweza hata kulihisi kwa mkono. Basi. Kinachohesabika ni hewa inakutana na nyuzi ngapi, na nyuzi hizo ni nyembamba kiasi gani.

Nyuzi za sufu nyingi huwa na unene wa mikroni 20 hadi 40, na mikroni 1,000 ndiyo milimita moja. Nyuzi za poliesta zinazojazwa kwenye mito ziko humo humo. Nyuzi za usufi ziko humo humo. Za kioo ni nyembamba zaidi, mara nyingi chini ya mikroni 10, na ndiyo maana kiasi kidogo tu hufanya kazi kubwa. Katani ya Tanga na makumbi ya nazi, ambazo kila mara hutokea mzalendo wa kuzipendekeza, zina nyuzi nene mara tano hadi kumi kuliko sufu. Ukinzani ambao uzi unaitilia hewa hushuka haraka unene unapopanda: kwa uzito ule ule wa nyuzi, uzi ulionenepa mara kumi unapunguza kazi kwa takriban mara mia. Makumbi yana matumizi mengi mema. Hili si mojawapo.

Nisiionee sufu. Inayo sifa moja ya kweli: uzi wake una mikunjo ya kuzaliwa nayo, kwa hiyo ukiuchambua unabaki umetanuka, hausinyai na kujikusanya chini ya boksi baada ya miezi. Poliesta nzuri ya mito nayo imetiwa mikunjo kiwandani ili mto usilale bapa, na hapo ndipo ubora wa sufu unapokosa cha kujivunia isipokuwa bei.

"Kondoo tunao tele, sufu haiwezi kuwa shida"

Hili husemwa na mtu ambaye hajamtazama kondoo vizuri. Kondoo wengi tunaowaona wakivuka barabara kuanzia Dodoma hadi Kajiado ni wekundu wa Kimasai au wenzao wenye kichwa cheusi: kondoo wa nyama na mafuta ya mkia, wenye manyoya mafupi ya kulala kama ya mbuzi. Wengine ni Dorper, aina iliyozalishwa Afrika Kusini kwa ajili ya nyama, ambayo vazi lake ni mchanganyiko wa manyoya na sufu chache inayopukutika yenyewe. Ukimnyoa mmoja wa hao utapata kiganja cha vijiti vifupi vigumu. Kama ni kwa spika, muache na manyoya yake.

Sufu ya kweli katika ukanda huu inatoka kwenye baridi. Kenya wapo kondoo wa Merino, Corriedale na jamaa zao katika nyanda za juu, pande za Molo, Nyandarua, Timau na Laikipia. Nanyuki kuna ushirika wa wanawake wanaosokota na kufuma sufu, ulioanzishwa miaka ya 1970. Anayeishi karibu na huko anaweza kupata sufu mbichi kutoka shambani, na hapo ndipo kazi inapoanza. Sufu ikitoka kwa kondoo imebeba mafuta, jasho, samadi na miiba. Mafuta peke yake yanaweza kuwa robo ya uzito wake. Ioshe kwa maji ya moto ya nyuzijoto karibu 60 na sabuni, uiloweke bila kuifikicha, uisuuze kwa maji yenye joto lile lile, uianike kivulini. Ukiifikicha, au ukiitoa kwenye maji ya moto na kuitupia ya baridi, nyuzi zinang'ang'aniana na unabaki na mkeka. Ikikauka unaichambua kwa vidole mpaka iwe wingu. Ni kazi ya siku nzima, tena ya mtu mwenye subira.

Kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa ipo njia fupi zaidi, na nashangaa jinsi inavyosahauliwa: mitumba. Katika marobota yanayofunguliwa Ilala, Gikomba na Kongowea mna masweta mazito ya sufu tupu kutoka Ulaya, ambayo pwani hayana mvaaji na huuzwa kwa bei ya kuyaondoa njiani. Soma lebo ya kolani. Kama haisomeki, chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua, hujizima ukiondoa moto, na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Sweta moja zito lina takriban nusu kilo ya sufu iliyokwisha kuoshwa. Lifumue, kata nyuzi vipande vya urefu wa kiganja, kisha uzinyongoe na kuzichambua, kwa sababu uzi uliosokotwa hewa inaupita pembeni bila kuugusa ndani. Sweta lililosinyaa kwa kufuliwa vibaya liache; hilo halifumuki tena.

Na kwa kuwa ni sufu, weka hesabu ya nondo. Mabuu ya nondo wa nguo yanakula sufu na nywele, hayali pamba wala poliesta, na boksi la spika lenye giza lisilofunguliwa miaka mitano ni nyumba waliyoiomba. Sufu iliyooshwa vizuri inawavutia kidogo tu. Vidonge vya nondo vinawafukuza, lakini ndani ya boksi mvuke wake unaweza kulainisha baadhi ya plastiki, kwa hiyo mimi nisingevitia humo.

"Usufi ni wa mito, ukiutia kwenye spika unaiua"

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi ninaowaheshimu. Msufi umesimama kwenye viunga vya pwani na visiwani, maganda yake yanapasuka wenyewe wakati wa kiangazi, na nyuzi zinapeperuka mpaka barabarani. Uzi wa usufi una uwazi mkubwa katikati na umefunikwa nta kwa nje. Ndiyo sababu haunywi maji kwa urahisi, na ndiyo sababu kabla ya sponji za kisasa ulijazwa kwenye makoti ya kuokolea watu baharini. Kwa pwani yenye unyevu huo ni ubora mkubwa: sufu inaweza kubeba maji hadi karibu theluthi ya uzito wake bila wewe kuhisi kwamba imelowa, na maji hayo yote unayahifadhi jirani na sumaku na vichwa vya nyaya.

Kama mnyonyaji wa sauti, usufi unafanya kazi. Uzi ni mwembamba, mwepesi, mwingi. Malalamiko ya mafundi yanatoka mahali pengine, na mahali hapo ni pa kweli. Kwanza, uzi ni mfupi, sentimita moja hadi tatu, na ni mkavu. Ukitikiswa na besi kila siku unakatika, unageuka vumbi, na vumbi hilo likiingia kwenye nafasi finyu ya koili ya spika utaanza kusikia mkwaruzo. Pili, usufi wa kununuliwa mtaani una mbegu na vipande vya ganda ambavyo hucheza ndani ya boksi. Tatu, unashika moto upesi kupita kiasi.

Mambo hayo yote matatu yana dawa, na hakuna hata moja linalosema usufi hausikilizani na spika. Chambua mbegu kwa mkono. Shona mfuko wa shashi, au kitambaa chochote chepesi ambacho ukikiweka mdomoni na kupuliza unahisi pumzi upande wa pili, ujaze usufi humo, uufunge. Vumbi linabaki mfukoni. Saketi ya kugawa sauti ya besi na twita, yenye rezista zinazopata moto, itoe nje ya mfuko na iwe mbali nao, ikiwezekana katika chumba chake. Kwenye sabufa yenye amplifaya ndani ya boksi lile lile, achana na usufi kabisa. Huo ndio mpaka wake.

Pamba ya kawaida, ile ya Mwanza na Simiyu, nayo hufanya kazi, ila inalala. Baada ya msimu mmoja wa mvua imeshuka na kuwa keki sakafuni mwa boksi. Pamba ya mabaki ya viwanda, ile ya kijivu ya magodoro ya bei ya chini, inalala upesi zaidi na inatoa vumbi kushinda usufi. Ukiwa na pamba tu, ishonee mito midogo midogo na uitundike sehemu mbalimbali, usiimwage.

Mtu wa pwani akiniuliza anunue nini kesho asubuhi, nitamwambia aende kwa fundi wa makochi akaombe faiba ya mito. Hailiwi na nondo, hainywi maji, haitoi vumbi, na inauzwa kwa kilo. Najua jibu hilo halina mvuto wa kusimulia barazani.

"Jaza mpaka boksi likatae"

Kipimo kilichozoeleka kwa sufu tangu enzi za Bailey ni karibu gramu 8 kwa kila lita ya ujazo wa boksi. Katika boksi lililozibwa watu hufika hata gramu 16 kwa faiba. Boksi la lita 40 basi linahitaji gramu 320 hadi 640, yaani mto mmoja wa kulalia. Si magunia.

Ukivuka hapo na kushindilia, nyuzi zinaacha kuwa kichaka ambacho hewa inapita na kuwa kitu kigumu ambacho hewa inakigonga. Sehemu ya boksi uliyoijaza hivyo umeipoteza, na besi inakauka. Dalili ni rahisi kuifahamu: ngoma inasikika kwa ukali wa kijiti na haina kifua.

Pamoja na dai hilo linakuja pacha wake, kwamba kujaza huongeza ukubwa wa boksi mara mbili. Kuna ukweli umetiwa chumvi. Hewa ikibanwa ghafla inapata joto, na joto hilo linaifanya isukume kwa nguvu zaidi. Nyuzi zikiwepo zinalipokea joto hilo, hewa inakuwa laini, na koni inajiona iko ndani ya boksi kubwa kuliko lililopo. Lakini maumbile yameweka dari. Hata nyuzi zingechukua joto lote bila kubakiza, ongezeko haliwezi kupita asilimia 40, kwa kuwa uwiano wa ugumu wa hewa katika hali hizo mbili ni 1.4. Katika maboksi halisi watu hupata asilimia 15 hadi 25. Boksi la lita 20 litajifanya la lita 23 au 25. Anayekuahidi lita 40 anakuuzia lita ambazo hana.

"Gundisha kutani, inatosha"

Desturi ya kugundisha tabaka jembamba kwenye kuta za ndani na kuacha katikati patupu imeenea sana kwa kuwa inapendeza machoni mtu akichungulia. Tazama lakini mahali hewa inapokwenda kasi. Kwenye ubao hewa haiwezi kusogea, ubao umeizuia. Inasogea zaidi mbali na ubao, na msuguano unahitaji mwendo. Chukua boksi lenye kimo cha sentimita 60 kwa ndani. Wimbi la kwanza linalojirudia kati ya sakafu na dari ya boksi hilo, katika joto la Dar es Salaam, liko karibu na 290 Hz, hapo hapo inapokaa sauti ya mwimbaji. Hewa ya wimbi hilo inakwenda kasi kuliko kote katikati ya kimo, sentimita 30 kutoka kila upande. Tabaka la sentimita 2 kutani haligusi kitu hapo. Linaanza kazi ya maana kwenye maelfu ya Hz, ambako spika ya besi mara nyingi imekwisha kukabidhi kazi kwa twita.

Kwa hiyo faiba iliyochambuliwa na kutundikwa katikati ya boksi lililozibwa, ikishikiliwa na kamba chache au wavu, inafanya kazi kuliko ile ile ikigundishwa kutani. Haipendezi machoni. Boksi likifungwa hakuna anayeiona.

Na hapo hapo nilimalize dai jirani, kwamba sufu au sponji ya ukutani inazuia mbao zisitetemeke. Haizuii. Kitu laini hakiwezi kuushika ubao. Ubao unashikwa na mwamba wa kuunganisha ukuta mmoja na wa pili, au na kitu kizito chenye mnato kilichobandikwa juu yake. Wahandisi wa BBC walipounda spika yao ndogo ya LS3/5A miaka ya 1970, walitumia plaiwudi ya milimita 12 tu na kuibandika vipande vya lami kwa ndani ili kuituliza. Lami ilikuwa na kazi yake, sponji ikawa na yake. Ukigonga boksi kwa kifundo cha kidole likalia, tafuta mwamba na misumari, si godoro.

Kuhusu boksi lenye tundu, yaani lenye bomba la kupitishia hewa, nitakuwa mfupi. Wapo wasemao halihitaji chochote ndani, na wapo wanaojaza mpaka mdomo wa bomba. Hewa ya tundu inatakiwa kupumua pamoja na koni, na kila uzi uliosimama njiani unaikaba. Funika kuta tatu kwa tabaka nene kiasi, la nyuma likiwa nene kuliko mengine, acha njia wazi kati ya spika na bomba, na bomba lenyewe liwe tupu. Weka kipande cha chandarua kikuukuu kwenye mdomo wa ndani, kisiingie ndani ya bomba. Hicho ni cha mende na panya, ambao mabwana wa Ulaya walioandika vitabu vya spika hawakuwatia katika hesabu.

Sponji, trei za mayai na pamba ya kioo

Sponji si moja. Ile ya godoro ina vitundu vilivyofunguka na hewa inapita. Ile ya kufungia vifaa vya umeme na kutandika chini ya zulia mara nyingi imefunga vitundu vyake na hewa haipiti. Iweke mdomoni upulize. Pumzi isipotoka upande wa pili, sauti nayo haitaingia, hata muuzaji akisema nini. Ya godoro inafaa kwa kuta za boksi lenye tundu, lakini ujue inazeeka. Aliyewahi kufungua spika ya miaka ya 1980 na kukuta ukingo wa sponji wa koni unamomonyoka vidoleni ameshaona mwisho wa baadhi ya sponji katika hewa yenye unyevu. Ukiikuta inanata, itoe kabla haijaangukia mgongo wa koni.

Trei za mayai ni karatasi iliyokandamizwa. Zinasambaza kidogo sauti kali za juu, na kwa besi na sauti ya mtu hazifanyi lolote. Zinaendelea kuonekana kwenye kuta za studio za vichochoroni kwa sababu ni za bure na zinafanana na sponji ya studio kubwa kwenye picha. Ndani ya boksi la spika hazina hata sababu hiyo.

Pamba ya kioo inahitaji maneno mawili, kwa kuwa inasemwa vibaya kutoka pande zote. Upande mmoja wanasema inaleta saratani. Chanzo cha neno hilo ni kwamba mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka pamba ya kioo katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Mwaka 2001 wataalamu wa shirika hilo hilo walipitia ushahidi upya, na pamba ya kioo na ya mawe za kuzuia joto la majengo zikahamishiwa kundi la vitu visivyo na ushahidi wa kutosha kuviainisha. Habari ya kwanza ilisambaa, ya pili haikusambaa.

Upande wa pili wanasema haina neno, ishike tu. Hao nao waulize usiku wanavyojikuna. Nyuzi zake huchoma ngozi, macho na koo. Vaa glovu, mikono mirefu na barakoa, ukaifunge ndani ya mfuko wa kitambaa chepesi, na usiitie kamwe katika boksi lenye tundu, kwani tundu litakuwa linakupulizia vumbi lake sebuleni kila wimbo. Na kabla hujachomoa vitambaa vyeupe kutoka kwenye oveni kuukuu, boila au mabomba ya jengo la zamani ukidhani umepata pamba ya kioo ya bure, simama. Huenda ni asibesto, na juu ya asibesto hakuna mjadala: inaleta saratani. Macho hayatoshi kuzitofautisha. Iache ilipo.

"Masikio yako ndiyo kipimo"

Ni kipimo cha mwisho, si cha kwanza, kwa kuwa sikio linasahau katika muda unaotumia kufungua skrubu nane na kuzirudisha. Kwa boksi lililozibwa kuna njia ya bei ndogo. Unganisha rezista ya ohm 100 kati ya amplifaya na spika ya besi, pakua kwenye simu programu ya kutoa mlio mmoja mmoja, weka sauti ya chini, na mita ya umeme ikiwa kwenye AC ishike kwenye miguu miwili ya spika. Panda taratibu kutoka 20 Hz kwenda juu. Volti zitapanda, zitafika kilele, zitashuka. Andika kilele kiko Hz ngapi na volti ngapi boksi likiwa tupu. Halafu ongeza faiba gramu mia, pima tena. Ongeza tena, pima tena.

Tuseme boksi tupu lilikupa 78 Hz. Kadiri unavyojaza, namba inashuka: 75, 73, 71, na volti za kilele nazo zinapungua, maana yake koni inatulizwa. Kisha utafika mahali ambapo unaongeza faiba na Hz hazishuki tena, au zinaanza kurudi juu. Toa kile ulichoongeza mwisho, funga skrubu.